Droo ya Herufi N

Nimeishi kambi ya wakimbizi Tanzania, nimechota maji penye vyura, nimelala chumba kimoja na mbuzi mwenye kuhara, na kote huko nilikula nikashiba. Kilichoniondolea hamu ya kula ni kompyuta ya ofisi moja ya Muyinga.

Ilikuwa miaka ile ya amani, wakimbizi wakirudi nyumbani kwa malori kupitia mpaka wa Kobero, na mimi nimetoka Gitega na cheti changu cha shule ya jioni, nimekishika kama Musa akishuka mlimani. Nikapewa kazi ya kutunza orodha ya waliorudi: nani, kadi namba ngapi, shamba lipi kaandikiwa. Siku ya kwanza nikaifungua mashine ili niipanguse vumbi. Mende walitoka, nawaambia, kijiji kizima pamoja na wazee wao. Lile joto la ndani lilikuwa limewalea kuliko mama mzazi. Mayai yao yameganda kwenye feni kama ugali uliolala. Harufu ilikaa kwenye mashati yangu mwezi mzima.

Lakini mende wana udhuru wao. Uchafu hasa ulikuwa ndani ya programu. Orodha ilipangwa katika droo ishirini na sita, kila mtu akiwekwa kufuatana na herufi ya kwanza ya jina lake. Huenda iko nchi ambako mpango huo unafaa. Kwetu majina ni sentensi nzima, za kumshukuru Mungu au kumsema jirani, na sentensi hizo, sijui nani alituroga, karibu zote huanza na N. Droo ya Q ilikuwa tupu, ya X tupu, zinanukia upya. Ya N imebeba nchi nzima na wajukuu wake. Ukimtafuta mtu wa N, mashine inaanza juu, inapitia mmoja mmoja kwenda chini, na kabla haijafika umeme umekatika. Umeme ukirudi, inaanza tena juu.

Mkuu wangu, mzaliwa wa Muyinga, ndiye aliyechagua zile herufi, na alizipenda kama watoto wake. Alikula mishikaki juu ya kibodi na kuchokonoa meno kwa kona za kadi za watu. Nilipomwambia droo ile imevimba, hakuinua hata macho.

"We, hii iko bien classé, imepangika vizuri," akasema. "Alfabeti ni alfabeti. Mwenye haraka arudi Tanzania."

Aliyasema hayo mbele ya mama mmoja wa Gasorwe, aliyeshuka kwa miguu kila siku ya soko na kukaa kwenye benchi letu hadi tufunge. Aliporudi nchini alimkuta mwanamume ameshapanda mihogo kwenye shamba aliloandikiwa yeye. Bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa mlima wake, walishampa neno la mwisho: Alhamisi alete karatasi ya ofisi, la sivyo mihogo inabaki na mwenye mihogo anabaki. Na jina lake, bila shaka, ni la N.

"Mwanangu," mama akaniambia baada ya mkuu kutoka, "kambini nimezeekea kwenye foleni. Hapa nyumbani nifie kwenye benchi?"

Kule Gitega mwalimu wetu wa jioni alitufundisha faharasa ya hashi kwa kipande cha chaki. Usimwulize mtu jina, alisema. Chukua namba ya kadi yake, igawe kwa namba fulani uliyoichagua, tazama kinachobaki. Kinachobaki ndiyo droo yake. Watu wanatawanyika kama mbegu kutoka mkono mzuri, na ukimtaka mtu, mashine haipekui tena. Inapiga hesabu ileile na kwenda moja kwa moja mlangoni kwake. Wawili wakiangukia droo moja si neno, wawili ni wa kutazama mara moja tu.

Jumatano mkuu alikwenda harusini. Nikavuta waya kutoka kwa kinyozi jirani, Mwislamu mmoja mcheshi mwenye jenereta, na pamoja na umeme zikaja nywele: mezani, kwenye chai, kwenye ulimi. Nikachagua namba kubwa isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, nikaiacha mashine izigawe kadi zote. Mende waliobaki walikatiza kwenye skrini kama wakaguzi. Kisha nikaandika namba ya yule mama. Kabla sijanyanyua kidole, huyo ametokea, pamoja na jirani yake wa droo, mtu wa Bukirasazi. Nikachapisha.

Mama aliniomba tupande wote kwa wazee Alhamisi, wasije wakasema karatasi kaitengeneza sokoni. Mlimani tulimkuta yule wa mihogo, koti limelowa jasho, pumzi inanuka pombe ya ndizi ya jana. Dharau yangu yote nilishamwandalia. Wazee wakaisoma karatasi, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakamwambia atoke shambani. Akaingiza mkono ndani ya soksi, akatoa kadi ya kurudi kama ya yule mama, laini kwa uchafu.

"Nami nina langu, ng'ambo ya bonde," akasema. "Niliambiwa linatafutwa. Hadi leo linatafutwa. Ningelima wapi?"

Nikaipokea kwa ncha za vidole viwili. Ilikuwa ya moto, tena imelowa, na herufi ya kwanza ya jina niliijua kabla sijaisoma: N. Nikamwambia aje nami ofisini sasa hivi, mkuu atake asitake, kisha nikamtazama mama.

"Aende," akasema mama. "Lakini kwanza aing'oe mihogo yake. Nitamsaidia kubeba miche hadi ng'ambo ya bonde."