Sulhu ya Bani Malik

Katika ghala la Al-Sulay, Riyadh, nilikokuwa karani, msimamizi wetu Mpakistani alikuwa na tabia ya kunishika mkono. Si kunivuta. Alinishika tu na kutembea nami, vidole vyake katikati ya vyangu, kutoka kwenye rafu za matairi hadi mlango wa kupakulia, akinieleza habari za mzigo. Madereva walipita, hakuna aliyegeuza shingo. Wanaume pale walishikana mikono hivyo siku zote. Yeye alikuwa na mke na watoto wanne, hana la kuficha. Aliyetokwa jasho ni mimi. Sijui kama kulikuwa na mwingine ghalani aliyependa wanaume, lakini aliyeogopa kushikwa mkono na mwanamume nilikuwa peke yangu.

Ningecheka kama ningekuwa na nafasi. Nilimaliza chuo na shahada ya takwimu, nikakaa nyumbani miaka miwili nikituma barua za kazi, kisha nikaja Saudia wakati ule mawakala walipokuwa wakisomba vijana kutoka Kenya kila wiki. Nilijua yatakayonipata nikijulikana. Jela kwanza, labda na viboko, halafu ndege ya kurudi, halafu mama kwenye uwanja wa ndege akiuliza kwa nini nimerudishwa. Usiku niliyapanga hayo kwa uzito, na kila mara mama alikuja wa kwanza.

Mpenzi wangu alikuwa dereva wa nyumba Jeddah. Tulijuana Nairobi, kwenye mafunzo ya siku chache kabla ya safari. Kila baada ya miezi miwili kampuni ilinituma Jeddah kuhesabu mali katika stoo yake ndogo, na siku ya Ijumaa madam wake alimwachia saa tatu za alasiri. Tulizitumia kutembea Bani Malik, mtaa uliojaa wageni kiasi kwamba hakuna anayekutazama mara mbili. Au ndivyo nilivyokadiria.

Kanuni nilizitunga mimi. Mita mbili kati yetu. Yeye mbele, mimi nyuma. Mikono mfukoni. Tusicheke kwa pamoja. Yeye alisema tunafanana na askari kanzu na mshukiwa wake, na kwa jinsi ninavyotembea, mshukiwa ni mimi. Nilimwambia anyamaze, kwa sababu nilikuwa karibu kucheka.

Kila matembezi yaliishia kwenye kibanda cha mzee mmoja wa Kiyemeni aliyeuza chai ya maziwa. Tulikunywa tumesimama, huyu ncha hii ya meza, yule ncha ile, kimya. Ijumaa moja, safari yetu ya tano au ya sita, mzee hakutupatia vikombe. Aliweka birika chini, akafuta mikono, akasema kwa Kiarabu cha polepole ili tuelewe, "Nimewatazama nyinyi wawili kwa muda mrefu. Najua habari yenu."

Palikuwa na watu sita au saba wakisubiri chai, mmoja wao askari polisi aliyevaa sare. Nilipima umbali wa hadi kona. Nikafikiria ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, iko mfuko upi, kana kwamba ingenisaidia.

"Mmegombana," mzee akaendelea. "Ndugu wawili kutoka nchi moja, mnakuja pamoja, mnaondoka pamoja, na hamsemeshani. Ugomvi huu ni wa nini?"

Mpenzi wangu, ambaye hajawahi kuogopa kitu kwa wakati unaofaa, aliinamisha kichwa kama aliyeonewa, akaninyooshea kidole. "Huyu hataki kunishika mkono," akasema.

Mzee alinigeukia. Alinikaripia mbele ya wote, na wateja wakamuunga mkono. Msudani mmoja aliuliza kama huko kwetu ndivyo watu wanavyoishi. Askari alitikisa kichwa kwa masikitiko. Basi hapo nikasimama, baada ya miezi yote ile ya mita mbili, nikihukumiwa hadharani kwa kosa la kutomshika mwanamume mkono.

Mzee alitutoa mikono mifukoni, akaiunganisha, akaifunika kwa yake. Kisha akaniambia, kwa kuwa mkosaji ni mimi, nimbusu mwenzangu kichwani. Nilimbusu. Nywele zake zilikuwa na harufu ya sabuni na vumbi. Askari akasema mashaallah.

"Halas, yamekwisha," mzee akasema. "Sasa nendeni hivyo hivyo, niwaone."

Alitoka hadi barabarani kuhakikisha. Tukaenda tumeshikana. Nilihesabu hatua hadi kona, na kwenye kona nikataka kuachia, lakini gari la askari yule lilikuwa linakuja nyuma yetu taratibu. Tukiachana atajua sulhu ilikuwa ya uongo, na akijua hilo ataanza kujiuliza mengine. Tukishikana mno je? Kiganja changu kilikuwa kimelowa. Mwenzangu alitetemeka bega, nikadhani naye ameshikwa na hofu, kumbe anacheka.

"Kaza mkono, bwana," akaninong'oneza. "Usitufanye turudishwe kwa mzee."

Gari lilipita. Askari aliinua mkono kutusalimu. Nikauinua wa kwangu uliokuwa huru.

Niliporudi Riyadh nilimpigia simu nikamwambia tubadilishe mtaa, tuhamie Al-Hindawiyah, kwa kuwa sasa tunajulikana sura. Alikubali haraka mno. Miezi miwili baadaye alinipeleka Bani Malik kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma, na nilipoinua macho mzee alikuwa mlangoni kwake, birika mkononi, akiitazama nafasi iliyokuwa kati yetu. Nikatoa mkono mfukoni. Nikaongeza mwendo.