Nyumba Itakabidhiwa Ikiwa Tupu

Karani wa wakili hakuwahi kumiliki hata tofali, ila alikuwa ameishi katika nyumba nyingi kuliko mtu yeyote mtaani. Kila hati ya uhamisho aliyoiandaa ilimfungulia mlango. Akiandika "vyumba vitatu, jiko na ua", tayari ameshaingia, amevua viatu, anachagua pa kulala. Akifika kwenye mipaka, kaskazini barabara, kusini kiwanja cha jirani, yeye yuko uani anaanika nguo. Wakili alizoea kumkuta amekodolea dirisha macho, vidole vimelala juu ya kompyuta, akampa jina la Bi Mipaka. Jina likamganda.

"Bi Mipaka, leo umehamia wapi?"

"Kwenye ile ya ghorofa, bosi. Lakini ngazi zinaniua magoti."

Katika hati zote alikuwa na sentensi yake kipenzi: nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, bila mkaaji yeyote. Wanunuzi waliidai ili wasije wakakuta mtu ndani. Yeye aliipenda kwa sababu nyingine. Nyumba tupu ina mwangwi wake, na mwanga unaotambaa sakafuni bila kugongana na kiti. Mtu anaweza kuanzia hapo.

Ndipo akaja fundi cherehani mmoja, mama aliyestaafu kushona lakini bado anatazama mikunjo ya nguo za watu kabla ya nyuso zao. Alifuatana na mwanawe wa pekee, fundi umeme. Mama alitaka kumwandikisha kijana nyumba angali hai.

"Nisije nikafumba macho, shangazi zako wakakutoa jasho," alisema. "Ila chumba cha nyuma nabaki nacho mpaka Mungu aniite. Jua la asubuhi linaingia mpaka kitandani. Silihami jua langu."

Wakili alimwagiza Bi Mipaka aandike hivyo hivyo. Naye alisikia vizuri. Alikwenda masjala ya ardhi, akahakikisha kwamba nyumba haina deni wala zuio, akanakili namba ya kiwanja, akabandika picha za mtoaji na mpokeaji. Kisha akaketi kuandika, na jua lile likamwingia kichwani. Likapanda kitandani. Akajiona amelala juu ya shuka nyeupe, hana haraka ya kwenda popote, vumbi la dhahabu likielea juu yake taratibu. Vidole vikaenda vyenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Siku ya kutia saini, wakili alimwambia aisome hati kwa sauti. Hapo Bi Mipaka alikuwa na utaratibu wake.

"Fumba macho, mama. Mimi nasoma, wewe pita nyumbani kwako. Ukijikwaa popote, nisimamishe."

Mama akafumba. Alipoitwa sebuleni, kichwa chake kiligeuka kushoto. Jikoni akavuta pumzi. Uani vidole vya miguu vikacheza ndani ya kandambili. Bi Mipaka akasoma mpaka mwisho, mpaka kwenye sentensi yake kipenzi, na mama akafumbua macho.

"Binti yangu, nimepita vyumba vyote. Mbona mimi simo?"

Bi Mipaka akaitazama karatasi. Chumba cha nyuma kilikuwamo, dirisha lilikuwamo. Mama mwenyewe hakuwamo.

Fundi umeme akajikohoza. "Ah, mama, si tuiache hivyo hivyo? Karatasi ni karatasi tu. Kwani mimi nitakufukuza?"

"Kama ni karatasi tu, mbona unaitetea?"

Kijana akainama. Ilibidi aseme. "Nilitaka kile chumba nikivunje, nikiunganishe na ua, niweke karakana. Wewe ungekuja kukaa mbele, karibu na mimi."

"Mbele kwenye honi na vumbi?" Mama akaifunika kalamu, akaisukuma katikati ya meza. "Hunifukuzi, najua, nimekuzaa mwenyewe. Lakini kesho utakuwa na mke, na mkeo ana mama yake. Nyumba nakupa wewe. Chumba najipa mimi. Hutaki, turudi nyumbani tukapike."

Wakili akamgeukia karani wake. "Bi Mipaka, nilikuagiza nini?"

"Kosa ni langu, bosi." Masikio yalimwaka moto. "Mama, nilipokuwa naandika, mle ndani nilijiweka mimi."

Mama akamtazama kuanzia kola mpaka pindo, kama anayempima gauni. Kisha akaangua kicheko, mabega yakamtikisika.

"Ulilala kitandani kwangu?"

"Kidogo tu, mama."

"Na jua, umelionaje?"

"Silisemi, mama. Sikutaka kutoka."

"Basi unamsikia huyu?" Mama alimgeukia mwanawe. "Mgeni wa ndotoni hataki kutoka. Mimi nitoke nikiwa macho?"

Kijana alitaka kukunja uso, uso ukakataa. Akavuta kiti karibu na mama yake. "Sawa. Dada, mwandike. Karakana nitatafuta pa kupanga."

Bi Mipaka akafuta sentensi yake kipenzi. Mkono ulikuwa mzito, kama wa mtu anayefungasha. Mahali pake akaandika kwamba mtoaji anabakiwa na haki ya kuishi katika chumba cha nyuma maisha yake yote, na kwamba chumba hicho hakitavunjwa wala kupangishwa yeye akiwa hai. Akaisoma tena. Safari hii mama alipofumba macho alichelewa kuyafumbua. Alikaa huko alikokuwa, midomo imelegea, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akatia saini, kijana akatia yake, wakili akagonga muhuri.

Ushuru ulilipwa, hati ikapelekwa masjala. Msajili aliisoma mstari kwa mstari, akaiandikisha kwa jina la kijana, na haki ya mama akaiandika chini yake. Walipokuja kuichukua, fundi umeme aliishika kwa mikono miwili kama trei ya glasi.

"Haya mama, mbele nitaweka nyaya na vyombo vyangu, pa kupanga sijapata. Nyuma uko wewe. Sasa mimi nitalala wapi?"

"Mwulize mwenye nyumba," mama akajibu, akitafuta kandambili yake chini ya meza.

Mwenye nyumba akakuna kichwa, akafikiri.