Ungo wa Mumbua

Nakumbuka asubuhi moja pale Thika, mwanangu, nilipomshauri mwenzangu vibaya huku nikiwa na uhakika kwamba namshauri vyema. Juzi uliniuliza kama ujiunge na chama cha wafanyakazi huko kwenye supamaketi yenu ya Ruiru, ama utakuwa unawapa watu ada yako bure. Nikakujibu, "Kunywa chai kwanza." Usifikiri nilikuwa nakukwepa. Jibu langu lina mtu ndani yake, na huwa sipendi kumtaja nikiwa na haraka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Mwingereza ikiwasaka waliokula kiapo cha kupigania uhuru. Mimi nilikuwa msichana bado, nachambua maharagwe katika duka moja la jumla lililouza unga, mchele na nafaka. Tulikuwa wanawake wanane tumeketi chini kwa safu, kila mmoja na ungo wake, tukitoa mawe na punje mbovu. Nyapara akipita aliangalia ungo, hakuangalia uso. Kwa hiyo mtu akitoka nje kidogo, majirani zake walimrushia konzi mbili tatu za maharagwe safi ili ungo wake usionekane mtupu. Tuliita kujaziana. Ungo wangu mimi ulijazwa mara nyingi, maana nilipenda sana porojo za muuza ndizi aliyekaa pale nje. Hilo usimwambie baba yako.

Kulia kwangu aliketi Mumbua, Mkamba kutoka upande wa mashariki ya Thika. Alikuwa mjane, na mwanawe Mutua alishinda mgongoni mwake kutwa nzima. Kazi ile ndiyo iliyowalisha wote wawili. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua haragwe lililobunguliwa kwa ncha ya kidole, bila kulitazama. Nilimpenda sana yule mama.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, akaja mtu wa chama cha wafanyakazi wa maduka, koti lake limechakaa viwikoni. Akatuomba tuweke kidole gumba kwenye kadi. Mwanangu, wewe ukisikia chama unawaza akina mama wanaonunuliana sufuria. Sisi tuliposikia chama, tena na kidole gumba juu yake, tulisikia kiapo. Kaka yangu alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya kiapo na hatukujua yuko kambi gani. Mama hakutaka neno hilo litajwe hata jikoni kwake.

Mumbua akanigeukia. "Wairimu, wewe umesoma kidogo. Niweke kidole?"

"Ngai! Usiguse hiyo karatasi," nikamwambia. "Hiyo ni mambo ya kiapo. Watakuchukua uache mtoto."

Kusema kweli, sikuwa nimeisoma ile kadi. Iliandikwa kwa Kiswahili, na nilijua kusoma, lakini sikuitupia hata jicho. Mumbua akaurudisha mkono wake ndani ya leso. Wale wengine walipomwona amekataa, nao wakakataa.

Haikupita wiki mbili, Mutua akaamka na homa. Kufika saa nne mwili wake ulikuwa unawaka. Mumbua akaomba ruhusa ampeleke zahanati, nyapara akamnyima. Akanitazama, nikaelewa, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Tulimjazia ungo mpaka ukafurika. Lakini siku hiyo tajiri mwenyewe, mwenye duka, alipita, na yeye aliangalia watu.

"Huyu wa hapa yuko wapi?"

Tukainamisha vichwa, sote saba. Mimi niliyekuwa karibu na Mumbua kuliko wote ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinama. Mumbua aliporudi na chupa ya dawa mkononi, aliambiwa mlangoni kwamba hana kazi.

Nilimkimbilia yule mtu wa chama. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. "Dada, ningeingia leo hii nizungumze na tajiri wenu," akasema. "Lakini niingie kwa niaba ya nani? Kwenu sina hata mwanachama mmoja." Hakunikaripia, na nilitamani angenikaripia.

Aliyenikaripia ni Mzee Njuguna, mbebaji wetu wa magunia. Alinikuta nikilia nyuma ya mchele. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kujitetea kwamba sisi hatukutaka mambo ya chama.

"Wee msichana," akasema, "si mnapeana maharagwe kila siku? Hiyo mnaiitanga nini? Hiyo ndio chama. Mumbua mlimpea maharagwe mkijificha. Tajiri alipouliza, mbona hamkumpea mdomo?"

Kesho yake nilikwenda na Mzee Njuguna na wale wenzangu sita, tukaweka vidole. Safari hii kadi niliisoma, kwa sauti, kila mtu akasikia. Hapakuwa na kiapo.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Tajiri alikuwa mkali kwetu miezi kadhaa, na mshahara ulipokuja kupanda ulipanda kidogo sana, wala haukunivalisha viatu vipya. Lakini mtu wa chama aliingia ofisini, akatoka, akaingia tena, mpaka ikakubaliwa kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa aende zahanati na akirudi akute kazi yake. Na Mumbua arudishwe. Nilikimbia hadi alikokuwa amepanga chumba ili nimpe habari hiyo. Jirani yake akaniambia kwamba mtoto alipona, lakini mama alishindwa kukaa mjini bila kazi, akarudi kwao. Kwao wapi hasa, hakujua. Ungo wake tuliuacha kulia kwangu mwezi mzima, na tuliujazia kila siku.

Baadaye niliolewa, nikapata mtoto wa kiume. Akaugua kifua nikiwa kazini pale pale. Niliomba ruhusa, nyapara akaguna, akanipa. Nililia njia nzima hadi zahanati, na watu walidhani nalilia mtoto. Mtoto huyo ndiye baba yako.

Basi jiunge, mwanangu. Usijiunge kwa kutarajia utajiri, maana hutauona. Soma kadi kwanza, kisha uulize ada yako inafanya kazi gani, na viongozi wakiila, useme waziwazi kwenye mkutano. Mwenzako akikuomba ushauri wa jambo usilolijua, mwambie hulijui. Na mkubwa akiuliza yule wa hapa yuko wapi, inua kichwa umjibu.

Na kuna jambo moja nakuomba. Siku ukimhudumia mzee mwenzangu hapo kaunta, ukasikia anaitwa Mutua, muulize jina la mama yake. Najua akina Mutua ni wengi, usinicheke. Wewe uliza tu. Kama ni Mumbua, mwambie Wairimu bado anaomba msamaha.

Mungu akupe nguvu ya miguu, maana kutwa nzima unasimama. Akuketishe kati ya watu watakaokujazia ungo wako ukiwa hupo, na akupe mdomo wa kuwasemea wakiwa hawapo. Nenda salama, mwanangu.