Bi Kiberiti Atafuta Pa Kuvutia Sigara

Mkahawa ule ulikuwa wake, hilo lieleweke mapema. Aliuanzisha mwenyewe kwa meza mbili na jiko la mkaa, mjane mbichi mwenye mtoto mgongoni, katika mtaa ambao enzi hizo ulikuwa karakana na maghala matupu. Mafundi walikuja asubuhi kunywa supu, wakimaliza wanawasha sigara na kupiga soga. Yeye naye akikaa nao kupumzisha miguu, akawa anawasha yake. Wanawake wa mtaani walisema waliyoyasema. Akawajibu kwamba mwenye neno aje alitoe mbele ya sufuria. Na kwa vile sufuria ilikuwa inachemka na mwiko ulikuwa mrefu, hakuna aliyekuja.

Jina la Bi Kiberiti walimpa mafundi haohao. Alikuwa mwembamba kama kijiti, hakosi kilemba chekundu kichwani, na ukimgusa vibaya anawaka hapohapo.

Miaka ikaenda. Meza zikaongezeka, sakafu ikapata vigae, dari ikapata feni. Magoti yalipoanza kulalamika akaukabidhi mkahawa kwa mwanawe na mkamwana wake. Mwana alikuwa mtu wa sokoni, wa kununua nyama na mboga. Mkamwana alishika kaunta, na tuseme ukweli, alishika kila kitu. Bi Kiberiti alibakiwa na meza ya kona, kisahani cha majivu, na haki ya kumwambia mtu yeyote jambo lolote. Sisi wateja tulimzoea. Ukiingia na uso umekunjamana atakuuliza nani kakuudhi, na kabla chai yako haijapoa mkahawa mzima unajua.

Siku moja redio ya kaunta ikatangaza kwamba sasa ni marufuku kuvuta sigara katika mikahawa, maofisi na kumbi zote za watu wengi. Vijiko vikasimama.

"Kesho watatukataza kupiga chafya," akasema dereva wa teksi, ambaye sigara yake haijawahi kuzima tangu nimfahamu.

"Wamechelewa kweli," akajibu wakala wa bima, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea na kikombe chake.

Bi Kiberiti akacheka na kupuliza moshi juu. "Hiyo ni ya mahoteli ya wenye tai. Sisi huku nani anatujua?"

Ikaonekana tunajulikana. Wiki hiyohiyo akapita afisa wa halmashauri, akamwambia mkamwana kwa upole tu kwamba akirudi akakuta moshi, mlango utafungwa. Sasa nani wa kumwambia mama? Mume akamtupia mke mpira: "Wewe unaongea vizuri." Mke akaurudisha: "Ni mama yako." Mume akasema ndiyo maana hasa hawezi, anamjua. Wakamwendea mpishi. Mpishi akasema yeye aliajiriwa kupika, hakuajiriwa kufa.

Mwishowe mkamwana akapiga moyo konde, akaja alfajiri na kubandika tangazo mlangoni. Mumewe akakumbuka ghafla kwamba sokoni kuna nyanya nzuri sana, akatoweka.

Bi Kiberiti alifika wakati wake wa kawaida. Akasimama mlangoni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili hata wa meza ya mwisho tusikie: "Ni marufuku kuvuta sigara humu ndani. Uongozi." Akavua miwani. "Uongozi ndio nani?"

Kila mtu akagundua kuna kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

"Ni mimi, mama," akasema mkamwana toka kaunta. Hakushusha macho.

"Na mumeo?"

"Kaenda kununua nyanya."

"Nyanya!" Bi Kiberiti akaenda kwenye meza yake, akakaa, na badala ya kuwaka kama tulivyotarajia, akagonga meza kwa kijiko. "Haya. Mkahawa huu ni wa wateja, nimewalisha mimi toka hawana ndevu. Semeni wenyewe. Mnataka nitoke?"

Alikuwa na uhakika wa kushinda, ungemwona alivyojikunjua kwenye kiti. Dereva wa teksi akamtetea kwa hotuba ndefu iliyogusa uhuru, kodi na hali ya barabara. Fundi magari akasema yeye anavuta, kila mtu anajua, lakini akiwa anakula hapendi moshi wa mwenzake. "Wangu hauna shida," akaongeza. Tukavunjika mbavu.

Kisha akasimama dada mmoja wa benki aliyekuwa mjamzito, yule ambaye kila siku hufungiwa chakula akaondoka nacho. "Mimi mnadhani nina haraka," akasema. "Sina haraka yoyote. Nakwenda kula ngazini pale kazini, kwa sababu humu siwezi kupumua."

Bi Kiberiti akamtazama kwa mshangao. Tabia ya watu kununua chakula na kuondoka alikuwa akiilaumu kwa miaka, anasema dunia imeharibika, hakuna anayejua kukaa.

"Taratibu!" akaita. "Hebu waambie."

Taratibu ni mhudumu wa mkahawa tangu enzi za jiko la mkaa. Mtu mkimya, hatua zake ndogondogo, hajawahi kumwaga hata tone. Kama kuna mtu wa upande wa Bi Kiberiti, basi ni huyu. Akaweka sinia chini, akafuta mikono.

"Mama, mimi sijavuta hata siku moja katika maisha yangu," akasema. "Lakini nikifika nyumbani, mke wangu hanisalimii mpaka nivue shati barazani. Na juzi nilipokwenda hospitali, daktari alinisikiliza kifua akaniuliza navuta ngapi kwa siku. Nikamwambia sivuti. Akacheka tu, akasema wote mnasema hivyo."

Bi Kiberiti akakiweka kijiko mezani.

"Miaka yote hii," Bi Kiberiti akasema polepole, "mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Bi Kiberiti akainuka. Akachukua pakiti yake, akaokota kigoda cha jikoni, akatoka nje. Mkamwana akageukia ukuta na kupangusa chupa ambazo zilikuwa safi tayari.

Tukadhani mambo yameisha. Kumbe nje nako kuna watu. Alipoketi chini ya dirisha, moshi ukapita dirishani na kuingia ndani. "Mama, sogea kidogo tu," mkamwana akaomba. Akasogea hadi mbele ya fundi cherehani, ambaye asubuhi nzima alikuwa akisema sheria hii ni uonevu mtupu.

"Bi mkubwa, nakuunga mkono mia kwa mia," akasema fundi, huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. "Wanatuonea. Ila hapo ulipo, juu yako, limetundikwa gauni la bibi harusi."

Akasogea kwenye duka la dawa. Muuzaji akatoka na koti lake jeupe, akashika mikono kama anaomba radhi: yeye binafsi hana neno, lakini mbele ya duka la dawa watu watamwelewaje? Kinyozi akampokea vizuri, maana naye huvuta, hadi mteja mwenye taulo usoni alipoanza kukohoa na wembe uko shingoni. Kule karakana, fundi magari akamkimbilia kabla hajaketi. "Usiwashe! Hapa kuna petroli, tutaondoka wote!"

Alirudi jioni kilemba kimelegea. "Mtaa mzima uko upande wangu," akatuambia, "na hakuna upande hata mmoja ulio na pa kukaa."

Baadaye alipata mahali, nyuma ya ghala lisilotumika, mwisho kabisa wa mtaa. Hapo alimkuta dereva wa teksi na wavutaji wengine waliofukuzwa kila pembe. Lakini hawakuwa na soga. Kila mmoja alivuta haraka, jicho kwenye saa, akazima kwa kiatu na kwenda zake. Siku moja, nikipita, nilimwona ameshika sigara iliyofika nusu, kichwa amekiinamisha upande wa mkahawa. Kicheko kikubwa kilikuwa kimetoka kule. "Wanacheka nini?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. Akaizima ile nusu, akainuka na kigoda chake, akaenda kujua.

Basi ikawa hivyo. Kutembea hadi ghalani kwa magoti yale si mchezo, na kila akienda anarudi kukuta habari tamu imempita. Safari zikapungua, si kwa nasaha ya mtu. Ukimpongeza kwamba anaacha, anakuwakia: "Nani kaacha? Nimechoka kutembea!"

Tatizo likawa mikono. Mikono iliyozoea kushika kitu miaka yote ikakosa kazi, na mkahawa ukaipata. Alipanga vijiko upya. Alionja kila sufuria na kutikisa kichwa. Alimwambia mpishi wali wake unafaa kubandikia matangazo. Wakala wa bima aliambiwa aoe, na akaambiwa amwoe nani. Mkamwana alivumilia wee, hadi adhuhuri moja, watu wamejaa, akamkuta mama mkwe ndani ya kaunta anahamisha vikombe vyote kutoka rafu ya juu kwenda ya chini.

"Mama," akasema kwa sauti tamu iliyobanwa, "leo hujaenda kuvuta?"

"Magoti."

"Nikuitie teksi?"

Akatambua alichosema, akaziba mdomo. Lakini tulishasikia. Taratibu, ambaye hatujawahi kumwona akicheka, ilibidi aweke sinia chini. Bi Kiberiti mwenyewe alicheka hadi akashika kaunta, kilemba kikamdondoka, tukaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe pe.

Alipopata pumzi akafuta machozi. "Mwanangu," akamwambia mkamwana, na neno hilo hakuwa amelitumia kwake kabla, "nipe kazi, au nitakumaliza."

Mkamwana akafikiri. Kisha akafungua kabati la chini na kutoa ile sufuria kubwa ya zamani, akaipangusa vumbi kwa aproni. "Supu ya asubuhi," akasema. "Wateja wa zamani wanasema yetu ni maji ya kuoshea nyama. Siku zote nilitaka nikuombe, nikaogopa."

"Uliogopa kuniomba supu, hukuogopa kubandika tangazo?"

"Tangazo lilikuwa sheria, mama. Supu ni yako."

Nilishuhudia mwenyewe asubuhi ya kwanza. Mafundi walipanga foleni hadi kwa fundi cherehani, na yule dada wa benki, tumbo limekuwa kubwa sasa, alikaa kwenye meza ya kona ndani ya mkahawa, akanywa bakuli zima na kuomba jingine. Bi Kiberiti bado huenda ghalani mara mojamoja, hasa akigombana na mtu, na hakuna anayemsemesha habari hiyo. Ila asubuhi haendi popote. Utamkuta jikoni na mkamwana wake, bega kwa bega mbele ya sufuria, wanabishana kama vitunguu vikatwe vikubwa au vidogo, na mpishi kasimama katikati yao akingoja arudishiwe kisu chake.