Gobori la Majengo na Fahali wa Mahari

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alikufa na mimi nikatoka shule darasa la tatu. Nilichoma makaa Kiritiri, nikachimba mitaro ya maji, kisha fundi mmoja akanifundisha kukata na kuunganisha mabomba. Kusoma kwangu ni huko. Anayetaka kucheka acheke.

Nilipofika miaka ishirini na sita nilikuwa na fahali mmoja mweusi, niliyemlea mwenyewe tangu ndama. Alikuwa wa mahari. Wakwe walikuwa wamesema Jumamosi, na walitaka fahali, asali na blanketi. Lakini mimi nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Nilitaka kuingia boma lile na ng'ombe wawili, na nilikuwa nimeshajigamba hivyo kwa watu.

Mwenye hoteli mmoja wa Embu alikuwa anatafuta gobori la zamani, lile la kushindiliwa baruti mdomoni, alitundike ukutani. Mambo ya leseni, alisema, ni yake. Nikimletea la kweli angenipa ng'ombe wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi. "Ukiniletea takataka," akasema, "usikanyage hapa tena." Nikasikia mchinjaji mmoja wa Majengo, kule Meru, analo, na atalitoa kwa fahali.

Hapo nikafanya ujinga. Nilimpeleka fahali kwa lori siku hiyo hiyo, kabla sijaliona gobori. Kwetu ukifika kwa mtu na mnyama kwenye kamba, umeshakubali. Imebaki kukabidhi kamba tu. Ilikuwa Alhamisi, kesho yake Idi. Shemeji ya mchinjaji alimfunga fahali wangu kwenye nguzo, akampapasa nundu, akaanza kunoa kisu.

"Karibu, kijana," mchinjaji akasema. "Babu yangu alikuja na hili kutoka pwani, na misafara ya pembe za ndovu. Shika."

Lilikuwa zito. Kitako kilikuwa cha muringa, mti tunaochongea mizinga ya nyuki, nikashtuka, maana Wazungu hawana muringa. Lakini kitako huvunjika, mtu akachonga kingine. Hilo halikuniambia kitu. Mtambo wa kufyatulia ulikuwa wa kweli, umelika kwa miaka, na mhuri wake wa kiwandani. Moyo ukaanza kutulia.

"Anakagua kama anaoa," shemeji akasema. Watu waliosimama mlangoni wakacheka.

"Si anaoa kweli? Lete mkono tumalize, kijana. Watu wanangoja nyama," akasema mchinjaji, ambaye nilikuwa nimemwambia habari ya mahari.

Kilichonizuia ni mtutu. Unene wake ulikuwa mmoja, nyuma na mbele. Gobori la kweli ni nene nyuma, pale baruti inapolipukia. Kwanza nikaingiza ile fimbo ya kushindilia, nikahakikisha halina kitu ndani. Kisha nikaomba spoku ya baiskeli, nikapinda ncha, nikaitumbukiza mdomoni mwa mtutu na kuizungusha polepole. Ikapita laini, halafu ikakwama kidogo. Nikazungusha tena, ikakwama pale pale. Nikaivuta kuja nje, na ule mkwamo ukaifuata, umenyooka kama kovu. Nilikuwa nimekata mabomba miaka sita. Mstari ule wa kuchomelea, ambao mtutu wa bunduki hauna, vidole vyangu viliujua.

"Mzee," nikasema, "mtambo ni wa babu yako. Mtutu ni bomba la maji."

Kisu kikaacha kunolewa.

"Unamwita babu yangu mwongo?"

"Babu yako hakuwa na bomba. Maji ya mfereji yamekuja hapa juzi."

"Na fahali? Ulivutwa na nani kumleta?"

Nikampa spoku. "Zungusha mwenyewe, mbele ya hawa. Isipokwama, chinja."

Akazungusha. Ikakwama. Akazungusha mara ya pili, ya tatu, macho yake kwenye sakafu.

"Marehemu baba alilipeleka kwa fundi," akasema mwishowe. "Kumbe alirudishiwa hili." Akamgeukia shemeji yake. "Fungua ng'ombe wa watu."

Jumamosi baba mkwe aliuliza, "Mmoja tu? Tulisikia wawili."

"Ni mmoja," nikasema. Wakampokea.

Leo niko na mke huyo na watoto saba. Nina ekari tano za ndengu na mtama Kiritiri, mbuzi thelathini na wawili, ng'ombe wanne, duka la mabomba Makutano, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, na pikapu moja kuukuu. Hati zote ziko kwa jina langu.