Mtu wa Mwalimu Khavere

Kitenge kipya, kabla hakijaona maji, kina harufu yake: ya wanga, ya rangi, na kwa mbali ya mafuta ya taa. Wengine wakiinusa hukumbuka harusi. Mimi nikipita nayo sokoni, kifundo cha mkono wangu wa kushoto huniuma, pale mtu mmoja aliponishika nikiwa na miaka saba akakataa kuniachilia.

Tuliishi Shieywe, na kila Jumamosi alasiri watoto wa mtaa tulikusanywa katika ukumbi wa kanisa ili watu wazima wajifunzie kwetu. Kanisa lilihitaji walimu wa kujitolea wa Shule ya Jumapili, na Mwalimu Khavere, mama mstaafu aliyefundisha chekechea miaka mingi, ndiye aliyewanoa. Hakuamini mafunzo ya maneno matupu. Alitaka wamwimbishe mtoto wa kweli na wamfute kamasi za kweli. Sisi tuliipenda kazi hiyo kwa sababu kulikuwa na uji wa wimbi, na tuliruhusiwa utundu kidogo.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa kitambaa. Mzazi akimleta mtoto, kipande cha kitenge kilikatwa katikati. Nusu ilibanwa kwa pini kwenye nguo ya mtoto, nusu ikaenda na mzazi. Wakati wa kuondoka, maua ya kitambaa yakikutana, mtoto anaenda. Yasipokutana haendi, hata kama anayemtaka ni askofu. Kisha akawaonya walimu hao, nasi tukisikia: "Kuna siku nitatuma mtu awajaribu. Siwaambii ni nani, wala ni lini."

Tangu hapo hata fundi wa mabomba alikodolewa macho. Sisi watoto tulimngoja mtu huyo kwa hamu, maana tulijua ni mchezo.

Kati ya walimu hao, Dada Mmbone sikumpenda. Aliuza nyanya sokoni, alisahau nyimbo, na alicheka kwa nadra sana. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele yetu kwamba akikosea tena ataachwa, nami, Mungu anisamehe, niliombea akosee.

Jumamosi hiyo mama alikuwa Likuyani akimsaidia dadake kuvuna mahindi, na aliyekuwa anichukue ni kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa msitu. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja mpaka nikabaki peke yangu na walimu watatu. Ndipo mwanamume akasimama mlangoni. Nje kulikuwa na matope, lakini viatu vyake vilikuwa safi kabisa. Nyuma ya ua wa kayaba gari lilikuwa likinguruma.

"Ayuma," akaniita, kwa jina langu la nyumbani. "Kuja, mjomba akupeleke. Mama amechelewa Likuyani."

Walimu wawili wakabinyana na kucheka chinichini. Mtu wa Mwalimu, hatimaye. Nami nilifurahi, nikamnyoshea mkono ili mchezo unoge. Dada Mmbone akanidaka kifundo cha mkono.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Mama yake alisahau kunipatia."

"Basi urudi ukichukue."

"Dada, mvua inakuja. Mtoto atanyeshewa."

"Hata inyeshe mpaka kesho. Mimi sipeananga mtoto bila kitambaa."

Mwanamume alimtazama kwa muda mrefu, akitabasamu. Alinitazama na mimi. Kisha akaenda, na gari likaondoka polepole. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu Khavere alipotoka jikoni na sufuria ya uji, wakamwambia mtu wake amekuja na ameshindwa.

"Mtu gani?" akauliza. "Wangu ana homa. Nilimwambia alale."

Aliiweka sufuria chini, akaenda kufunga mlango mwenyewe. Mvua ikaanza kupiga mabati. Niliuliza kama Dada Mmbone amepita, na Mwalimu akanimiminia uji. Kukhu alifika akiwa amelowa, nusu ya kitambaa ikiwa kiganjani. Dada Mmbone alimjua tangu utoto wake, lakini aliyalinganisha maua yale mara mbili, ndipo akaniachilia. Usiku ule nilimlalamikia kukhu kuhusu mkono wangu. Yeye akafuta machozi yake.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa nilikuwa nimeunyosha mkono ule kuelekea wapi. Nilimtafuta Dada Mmbone sokoni, nikamshukuru kwa kumtambua yule mtu. Akaendelea kupanga nyanya zake.

"Mimi sikumtambua," akasema. "Nilijua ni mtihani, na nilikuwa naogopa kufeli, basi. Ningejua ni mtu wa kweli, pengine ningemwogopa yeye nikuachilie."

Maneno hayo yalinitia baridi kuliko kumbukumbu yenyewe, na sijayasahau. Siku hizi mimi ndiye ninayewafundisha wanaojitolea, katika ukumbi uleule, na vitenge navikata kwa mkono wangu. Kila kundi jipya naliambia kuna siku nitatuma mtu awajaribu. Sijawahi kumtuma yeyote.

Jumapili iliyopita kijana mmoja alinijia akicheka, akaniambia mtu wangu amekuja na wamemfukuza. Nilimpongeza. Kisha nikaingia darasani, nikaanza kuwahesabu watoto.