Picha ya Anyesi iko ukutani, mumewe hana ruhusa nayo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Thobias Matonya anapiga deki ukumbi wa makumbusho madogo ya mila jijini Dodoma. Akifika chini ya picha moja anasimama, anafuta kioo kwa kiganja.

"Mbukwa, mama Aneth," anasalimia kwa Kigogo, kisha anaendelea na kazi.

Mama Aneth ni Anyesi, mkewe, aliyefariki mwaka jana. Pichani kabana ngoma ya muheme mapajani, anacheka. Alikuwa akiwapigia wageni hapo uani kwa makumbusho.

"Nyingine niliyonayo ni ya kitambulisho tu, na pale kanuna kama kanyimwa ugali," anasema mzee huyu wa Nzuguni, mlinzi na mfagizi kwa mshahara wa Sh150,000.

Picha aliipiga mgeni, mwalimu Mudrick wa Kondoa, akaitumia ofisi nakala. Thobias aliomba nakala yake kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu mwezi ujao.

"Mzee, picha ni ya aliyepiga. Lete barua yake," ofisi ikamjibu.

Akampigia Mudrick.

"Shikamoo mzee. Ningekupa hata leo, ila nilisaini fomu kwamba simpi mtu bila ruhusa ya makumbusho. Mimi mtumishi, naogopa. Niletee barua yao."

Fomu hiyo, Thobias ndiye huwapa wageni mlangoni, mwaka wa kumi na moja sasa. Shule aliishia darasa la nne.

"Nilikuwa nasema tu, saini hapa chini. Sikuuliza imeandikwa nini. Kumbe namsainisha mtu aninyime mke wangu!"

Mwezi uliopita aliipiga ile picha kwa simu yake. Ofisi wakaifuta mbele yake, wakampa barua ya onyo: wanaopewa kibali cha kupiga picha ni wageni, si wafanyakazi.

"Sasa mwenyewe nani? Aliyebonyeza? Mwenye ukuta? Na ule uso, hauna mwenyewe?"

Ofisa mmoja, Sila, alipoulizwa na mwandishi, alisema waulizwe wakubwa. Wakubwa wako semina. Sheria wanatunga wao, kuhangaika anahangaika mfagizi.

Jumamosi ni mapumziko yake. Thobias atavaa shati la kanisani, atakata tiketi ya Sh2,000 na kibali cha Sh5,000, aingie kama mgeni. Binti yake Aneth atamsomea fomu yote, mstari kwa mstari, ndipo asaini.

Kuna sehemu inauliza sababu ya kupiga picha.

"Hapo nitaandika mwenyewe," anasema. "Ni mke wangu."